Trekta Kuukuu: Maneno kwa Wakulima wa Chini ya Milima ya Uluguru

Haya ndiyo maneno tuliyoyasema barazani mbele ya wakulima wa bondeni, wazee wao na waalimu wao, walipotuuliza kama yafaa wachange fedha wanunue trekta lililokwisha kutumika. Twayaandika hapa ili na wengine wenye nia hiyo wapate kuyasoma kabla hawajafungua mfuko.



Mmetuita kwa sababu mmesikia ya kwamba sisi, majirani kumi, tunalo trekta letu la Massey Ferguson 135, lenye umri kupita wengi wetu, na ya kwamba kila masika hulima mashamba yetu na ya watu wengine. Hayo ni kweli. Lakini habari ya mwaka wetu wa kwanza hamkuisikia, nasi twaona ni haki tuanze nayo, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwaka ule tulichanga fedha za mavuno ya misimu miwili. Mtu mmoja akatuonyesha trekta lililopakwa rangi nyekundu mpya, likimeta kama sahani ya arusi. Tulipofika tulikuta injini imekwisha kuwashwa, inanguruma vizuri, nasi tukafurahi. Hatukuuliza kwa nini imewashwa kabla hatujafika. Tulilipa siku ile ile, na tuliporudi nyumbani tukapokea fedha za watu ishirini na wawili waliotaka kulimiwa.

Masika yakaanza. Siku ya nne ya kazi injini ilichemka, ikanyamaza katikati ya shamba. Fundi alipoifungua alikuta oili imekuwa na rangi ya maziwa, maana yake maji ya rejeta yamekwisha kuingia ndani yake. Spea zikatakiwa, na fedha hatukuwa nazo hata kidogo, kwa kuwa zote tulizitia katika bei. Mvua haikutungoja. Miongoni mwa wale ishirini na wawili alikuwamo mama mmoja mjane mwenye kulea wajukuu, naye aliliweka jembe lake kwa kututumaini sisi. Alilishika tena wakati mahindi ya wenziwe yamefika magotini, na mwaka ule chakula hakikumtosha. Fedha zake tulimrudishia zote, lakini siku za mvua hatukuweza kumrudishia.

Basi jibu letu kwa swali lenu ni hili: trekta kuukuu laweza kufaa sana, lakini bei yake ya siku ya kwanza ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Chombo kuukuu hununuliwa upya kila msimu, kwa oili, kwa chujio, kwa tairi na kwa uangalifu. Asiye na fedha ya mara ya pili asitoe ile ya mara ya kwanza.

Wala msidhani ya kwamba kosa letu ni la watu wadogo peke yao. Ukiifuata njia ya kwenda Dodoma, ukapita Gairo, utafika nchi ya Kongwa. Huko, mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilianza kazi kubwa ya kulima karanga. Matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha baada ya vita, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyokwisha kutumika, mengine yakitoka katika mabaki ya jeshi la Marekani huko Filipino. Hata vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mengi yalifika yakiwa yamechakaa. Spea zilikuwa adimu, madereva hawakuwa wamezoea kazi, na udongo wa Kongwa, ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama saruji, ulikula majembe ya chuma. Kazi hiyo iliachwa mwaka 1951, na hasara yake ilipita pauni milioni 36. Ikiwa wenye hazina kubwa namna hiyo walishindwa kwa kukosa spea, fundi na kuujua udongo, sisi wenye mfuko wa kitambaa tuangalie zaidi.

Sasa twataka kuwaeleza yale tuliyojifunza, kila jambo mahali pake.

Jambo la kwanza ni aina ya trekta. Msichague lililo rahisi kuliko yote, bali chagueni lile ambalo mafundi wa kwenu wanalijua na spea zake zinauzwa madukani. Massey Ferguson 135 lilianza kutengenezwa mwaka 1964. Injini yake ya Perkins ina silinda tatu na nguvu za farasi kadiri ya 45, nayo ni nyepesi kufunguliwa na kufungwa. Kwa kuwa yalitengenezwa kwa wingi na kupelekwa nchi nyingi, spea zake hutengenezwa hata leo. Asili yake ni kazi ya Harry Ferguson, mtu wa Ireland. Zamani plau ilikokotwa nyuma kama gari, na iliponasa kisiki trekta liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Yeye aliifunga plau kwa mikono mitatu yenye kuinuliwa kwa nguvu ya oili, hata plau na trekta vikawa kama kitu kimoja. Trekta lake dogo la TE20, lililotengenezwa tangu 1946 hata 1956, lilipita idadi ya 500,000. Huko Ulaya wako watu wanaoyatunza matrekta hayo ya kale kwa furaha tu, wakiyasugua na kuyapeleka kwenye maonyesho. Sisi hatuna nafasi hiyo; letu lazima lilime.

Jambo la pili ni kulikagua. Nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Shikeni injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, rudini siku nyingine, maana injini mbovu huwaka kwa urahisi ikiisha kupata moto. Chomoeni kijiti cha oili. Rangi ya maziwa ni dalili ya maji, nasi tungalifanya hivyo tusingaliaibika. Tazameni moshi: wa buluu husema kwamba injini inakula oili; mweusi usiokoma husema kwamba hewa haipiti vizuri au dizeli inamwagwa kupita kiasi; mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata joto huenda ni maji au dizeli isiyoungua. Inueni plau juu, kisha ngojeni. Ikishuka yenyewe upesi, mfumo wa kuinulia umechakaa. Inueni gurudumu la mbele kwa jeki mkalitikise. Tazameni tairi za nyuma, kwa maana bei yake yaweza kuwashtua. Mwisho, linganisheni namba zilizo katika chuma na zile za kadi, na hakikisheni kwamba jina la mwenye kuuza ndilo lililoandikwa. Rangi mpya msiitazame kabisa.

Jambo la tatu ni ardhi. Ninyi wa bondeni mna mashamba mapana, na trekta lawafaa. Lakini ndugu zetu wa Mgeta na Matombo, wanaolima juu ya miteremko na matuta ya ngazi, wasidanganyike. Huko jembe la mkono bado ni bwana, na trekta likipelekwa litaanguka au litaiharibu nchi. Hata bondeni, palipo na mwinamo limeni kwa kuukata mwinamo, wala si kwa kuufuata kutoka juu kwenda chini. Kila mfereji wa plau unaoshuka ni njia ya maji, na maji huondoka na udongo mwema. Udongo huo huenda mitoni, na mto Ngerengere huupeleka katika Bwawa la Mindu, ambalo watu wa mji wa Morogoro wanalitegemea kwa maji. Anayelima vibaya hujidhuru mwenyewe na watu asiowajua.

Jambo la nne ni uhai wa watu. Matrekta haya ya zamani aghalabu hayana fremu ya chuma ya kumkinga dereva likipinduka. Nchi ya Uswidi iliamuru mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na kinga hiyo, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Basi mkiweza, mwambieni fundi hodari awawekee fremu imara. Mkikokota kisiki au gari lililonasa, fungeni mnyororo chini kwenye ndoano yake, kamwe si juu ya ekseli, maana ukifungwa juu trekta hupinduka kinyumenyume kabla dereva hajavuta pumzi. Wala mtoto asikalishwe juu ya bawa la tairi, hata akilia.

Jambo la tano ni utunzaji. Kila asubuhi dereva atazame maji, oili na chujio la hewa, kisha apake grisi mahali pote panapotakiwa. Wakati wa vumbi chujio la hewa lisafishwe kila siku, kwa kuwa vumbi likiingia ndani husaga injini kama mawe ya kusagia. Dizeli iachwe itulie kabla ya kumiminwa. Awe dereva mmoja mwenye kujulikana, naye alipwe vizuri. Trekta la madereva watano halina mlezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la mwisho ndilo linalovunja vyama vingi kuliko ubovu wa injini, nalo ni hesabu na umiliki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi huandika kila ekari iliyolimwa, kila lita ya dizeli na kila shilingi iliyoingia, na katika malipo ya kila ekari huweka kando sehemu ya matengenezo, ambayo haiguswi hata kwa arusi wala matanga. Mwalimu mmoja hutunza daftari, na mtu mwingine hutunza fedha. Tena tumeandika hati inayosema trekta ni la nani na fungu la kila mmoja ni kiasi gani. Mwajua ya kwamba kwa desturi ya Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na wajomba wana neno lao. Lakini trekta si ardhi. Mmoja wetu akifa, watoto wake na wapwa zake wote waweza kuja kudai. Bila hati, gurudumu moja litavutwa huku na jingine kule. Wazee, hapo ndipo tunapowahitaji ninyi: muwe mashahidi wa hati kabla ya kununua, msiwe waamuzi wa ugomvi baada yake.

Basi, ndugu zetu, kama mna fedha za kununua na akiba ya kutengeneza, dereva mwaminifu, fundi wa karibu, mashamba yasiyo na mwinamo mkali, daftari na hati, nunueni, nasi tutakuja kulikagua pamoja nanyi. Likikosekana mojawapo, ngojeni msimu mwingine, mkodi trekta la jirani kwa ekari. Hapana aibu katika kungoja.

Yule mama tuliyemtaja hulimiwa kwanza kila mwaka, kabla ya mashamba yetu sisi wenyewe. Hatumtozi zaidi ya gharama ya dizeli. Lakini twawaambia kweli, hata leo trekta likiingia shambani kwake, jembe lake huwa limeegemezwa mlangoni, limekwisha kunolewa. Hatumlaumu.