Matairi ya SUV kwa Mwenye Fedha Chache



Magari ya SUV yaliyotumika Japani yamekuwa mengi miongoni mwetu: RAV4, Harrier, Forester, Prado. Hapa mpakani gari la namna hiyo halikai bure. Mchana hubeba ndizi na abiria, jioni huchukua watoto shuleni, na usiku mwanamke anaposhikwa na uchungu ndilo linalogongewa mlango. Matairi yake yanapoisha, mwenyewe huenda dukani, huambiwa bei ya manne mapya, kisha hurudi nyumbani akiwa kimya. Siku ya pili amenunua ya mtumba, na fundi amempaka rangi nyeusi inayong'aa. Msimamo wangu nautaja mapema: fedha zikitosha nusu tu, ni heri kununua mawili mapya yaliyo sahihi kuliko manne ambayo hakuna ajuaye umri wake.

Umri huo umeandikwa kwenye tairi lenyewe. Tafuteni ubavuni herufi DOT, kisha msome tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 3521, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, na fundi akilifunga upande huo ukielekea ndani, hamtaziona mpaka mwiname chini ya gari. Kwa hiyo someni kabla tairi halijafungwa. Mpira hukauka kwa jua, joto na miaka, hata kama tairi halijatembea. Linaweza kuwa na mifereji mirefu ya kupendeza, na ndani matabaka yake yameanza kuachana. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kufikisha miaka 5, na liondolewe likifikisha 10 hata kama linaonekana zima. Hukumu hiyo inaligusa pia tairi la akiba. Wapo wanaolitoa nyuma ya mlango lilikofungwa tangu gari lije, wakadhani wamepata tairi jipya bila kulipa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya duka lolote. Tairi jipya la shilingi 400,000 likitembea kilomita 40,000, kila kilomita imekugharimu shilingi 10. La mtumba la shilingi 180,000 likitembea kilomita 12,000 kisha likafura ubavu, kila kilomita imekugharimu shilingi 15, na hapo hatujahesabu siku ya kazi iliyopotea wala gari lililolala njiani pamoja na mzigo. Anayeitwa na muuzaji "mteja wa bei ndogo" ndiye aliyelipa zaidi.

La kuchonga sitalizungumzia kwa upole. Kuna watu huchukua tairi la gari dogo lililokuwa kipara, wakalichora mifereji kwa kisu cha moto. Mifereji hiyo imekatwa katika mpira mwembamba uliobaki kuzifunika nyuzi za chuma. Ukipitisha kidole ukakuta kingo zake ni kali na kina chake hakilingani, au ukaona waya unang'aa chini, liache hapo hapo.

Kuhusu ukubwa, fungueni mlango wa dereva, mtaona kibandiko kwenye nguzo. Kikisema 225/65R17, basi upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Baada ya hapo hufuata namba ya uzito, ambayo wanunuzi wengi huiruka. Namba 102 maana yake tairi moja hubeba kilo 850. Namba 112 ni kilo 1,120. Matairi mawili yanaweza kuingia kwenye rimu ile ile, moja likawa dhaifu kuliko jingine. Msishuke chini ya namba ya mtengenezaji wa gari, hasa ninyi mnaojaza watu saba ndani na magunia juu.

Halafu kuna aina. Maduka huuza ya lami, ya njia mchanganyiko, na ya matope yenye meno makubwa. Haya ya mwisho vijana huyapenda kwa sura. Lakini gari lishindalo kati ya Mutukula na Masaka likikanyaga lami, tairi la matope litakula mafuta zaidi, litapiga kelele, na wakati wa mvua litachelewa kusimama. Mwenye shamba huko ndani, ambaye kila siku hupita njia ya udongo, anunue la njia mchanganyiko. Wengine la lami linawatosha, na mara nyingi bei yake ni nafuu.

Mkinunua mawili, yafungwe nyuma. Najua mafundi wengi hapa huyaweka mbele, na sababu zao nimezisikia. Lakini magurudumu ya nyuma yakiteleza kwenye lami yenye maji, gari huzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Ya mbele yakiteleza, anahisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. Kwa magari ambayo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, kama Forester, yapaswa kulingana. Tofauti kubwa ya uchakavu huumiza mitambo inayogawa nguvu. Mwenye gari hilo asome kitabu chake kwanza, na ikibidi asubiri mwezi mmoja akusanye fedha za manne.

Sasa niseme la polisi. Nimesikia manung'uniko kwamba askari husimamisha gari kwa kisingizio cha matairi. Tairi lina shahidi wake: ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vya mpira, vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha. Askari akikwambia tairi lako bovu, mwombe kwa heshima akuonyeshe kinundu, ufa, uvimbe au waya. Anapaswa kukuonyesha. Na ukiandikiwa faini ya papo kwa hapo, fedha hulipwa benki, haziwekwi mkononi mwa askari. Akizitaka mkononi, njoo kituoni utuambie saa na mahali. Nanyi kwa upande wenu, acheni mtindo wa kuazima matairi ya jirani siku ya ukaguzi na kuyarudisha jioni. Abiria wa kesho hakuazimiwa kitu.

Kununua upande wa pili wa mpaka si kosa, mradi mnunue dukani, mpewe risiti na kuyapitisha forodhani. Yanayopita usiku kwenye njia za panya hayana risiti, na mengine yameibwa. Gurudumu la akiba linaloning'inia mlango wa nyuma ndilo mwizi huliona kwanza, naye haibi ila anajua yupo mnunuzi. Andikeni namba za matairi yenu kwenye daftari nyumbani. Tukikamata mali bila namba, hatuna njia ya kujua ni ya nani.

Mwisho ni upepo. Pimeni asubuhi kabla gari halijatembea, mfuate kibandiko cha mlangoni, wala msipunguze upepo kwa sababu tairi limepata moto safarini. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana ubavuni, na kujikunja huko ndiko kunakolichemsha mpaka lipasuke. Na mkishafunga mapya, baada ya kilomita 50 hadi 100 mrudi kwa fundi akaze nati tena.