Mmekosa Nini, Wanangu?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kujitolea. Mtumishi wa Serikali akiombwa kusema machache ni hatari, lakini nitajitahidi.

Mtakumbuka kwamba mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta gwaride na sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima. Nami nilifagia. Nilifagia kwa sababu waraka ulitoka na majina yaliandikwa. Kufika saa nne nilikuwa nimekwisha kupigwa picha na kurudi nyumbani. Naona haya kidogo kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ninalotaka kuwasimulia ni la Desemba 2023. Krismasi hiyo watu walijaa kando ya Mto Morogoro, kwenye miti na mawe makubwa chini ya mlima. Wakala, wakacheza, watoto wakaoga. Kesho yake tulikwenda wanafunzi wa zamani saba wa shule hii kuokota kilichobaki. Hakuna aliyetutuma. Mifuko ya plastiki ilikuwa michache, kwani ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Lakini chupa za maji, mifupa ya kuku na nepi za watoto, hesabu yake anaijua Mwenyezi Mungu.

Tukiwa tumeinama, akapita bibi mmoja wa Kiluguru anateremka na mzigo wa ndizi kichwani. Akasimama, akatutazama watu wazima wenye mvi na vitambi, akauliza kwa huruma kabisa: "Mmekosa nini, wanangu?" Alidhani tumehukumiwa na mahakama.

Tulicheka sana. Lakini usiku swali lake lilinirudia. Nani alimfundisha kwamba fagio ni la mkosaji? Nikakumbuka paredi ya asubuhi hapa hapa. Aliyechelewa mstarini alipewa fagio. Aliyetoroka kwenda mjini alifyeka majani hadi jua kuchwa. Aliyeongoza darasani alipigiwa makofi na kusamehewa usafi. Walimu wetu mtaniwia radhi; mlitulea vema. Ila tulitoka hapa tukijua kufyeka vizuri sana, huku tumeapa kutofyeka tena maishani, na wengi wetu tumekitimiza kiapo hicho.

Sasa niseme kosa letu sisi saba. Tulijaza viroba 14, tukavipanga vizuri ukingoni, tukapiga picha (picha haziishi!), tukaenda kunywa chai. Hatukuwa tumefikiri nani atavichukua. Ile ilikuwa Desemba ya mvua za El Nino. Usiku ikanyesha mlimani, mto ukajaa, asubuhi tukakuta viroba vitatu tu, vimenasa kwenye mizizi. Mto Morogoro huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wengi wa Dar es Salaam. Basi ndugu zetu wale tuliwafungia taka vizuri, tukawapelekea kwa mafungu.

Mwaka uliofuata tulianza na guta. Kabla hatujagusa kitu tulikodi guta la kupeleka taka dampo, tukaelewana na mwenyewe bei na saa. Tulimfuata pia mama anayelipwa kufagia eneo lile, tusije tukamharibia kibarua. Akatuambia tusimsaidie kufagia, anajua kuliko sisi. Tuje siku yenyewe ya sikukuu, saa kumi jioni, watu wakiwa bado wamekaa, tupite na viroba mkononi. Tukafanya hivyo. Ni kazi ya aibu kuliko kuinama, kumwomba mtu mfupa aliokwisha kuutafuna. Mmoja alituuliza kama tunafuga mbwa. Lakini wengi walitoa wenyewe, na watoto waligeuza kuwa mchezo. Viroba vilijaa kabla ya magharibi.

Mkuu wa Shule amenikubalia ombi moja: kwamba mwanafunzi atakayekwenda nasi Jumatatu ya Pasaka asiwe amekosa chochote. Wenye adhabu wabaki hapa, wafyeke. Tutakutana getini saa tisa alasiri. Guta limekwisha kupatikana, na viroba tutakuja navyo sisi.