Breki ni Amana

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, Tabora yetu ilikua juu ya mabega ya wapagazi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapumzika hapa Unyanyembe, kisha ikashika njia ya Ujiji. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, basi mzigo ukawa juu ya binadamu, na mali ya watu ikategemea uaminifu wake. Leo, kwenda Urambo, Sikonge na Nzega, pikipiki ndiyo mpagazi wetu. Nayo hubeba roho: mama mjamzito apelekwaye hospitali, mtoto aendaye shule.

Roho hizo zimetundikwa kwenye breki. Breki ya diski huendeshwa kwa mafuta, na mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri siku zipitavyo. Yakipata moto mkali, maji yaliyomo huwa mvuke, na mkono wa breki hubanwa bure. Pedi nazo zikiisha, chuma husaga chuma. Gharama iliyokuwa ya pedi ikawa ya diski nzima. Aahirishaye matengenezo madogo hujinunulia makubwa.

Hapa watu watatu wana jukumu.

Wa kwanza ni fundi. Bwana Mtume, s.a.w., alipita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vyake vikapata unyevu uliofichwa chini. Akamkemea muuzaji, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Basi fundi afungaye pedi bandia akatoza bei ya halisi, ana tofauti gani na muuzaji yule? Yule alificha unyevu. Huyu ameficha mauti. Lakini fundi mwaminifu akitaja bei kubwa kwa kuwa kifaa halisi ni ghali, tusimwite mwizi. Naye ataje bei kabla ya kulegeza nati, na amkabidhi mteja kifaa cha zamani akione.

Wa pili ni mwenye pikipiki aliyeikodisha kwa kijana. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, katika mlango wa ijara, walisema kwamba lishe ya mnyama wa kukodi ni juu ya mwenye mnyama. Kwa mfano huo, breki iliyochakaa kwa kazi ya kawaida imlazimu mwenye chombo. Iliyovunjwa kwa uzembe, aliyeizembea. Wawili hawa na waandikiane tangu mwanzo. Wala si insafu kudai hesabu kamili ya kila siku ilhali pikipiki imelala gereji.

Wa tatu ni dereva. Mtu alimwuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Kijana anayejua breki yake haishiki, naye akapakia abiria akisema Mungu atanilinda, huyo hakutegemea. Amecheza na roho ya mwenziwe. Na abiria hakuambiwa.

Mtasema: fedha hana, na nyumbani wanangoja unga. Ni kweli. Hapo ndipo jukumu linapokuwa letu sote. Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, imetufundisha kumpa muhula mdeni mwenye dhiki. Fundi apokee kwa mafungu. Jirani akopeshe bila riba. Mwenye chombo asubiri. Siku tatu za kusubiri ni nyepesi kuliko matanga.

Ewe Mola, turuzuku halali, utujaalie wakweli katika kazi zetu, uwahifadhi wasafiri wetu. Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amin.