MAZUNGUMZO: KLACHI YA LAND ROVER INAPOGOMA



Hakuna hati ya malipo inayomtatiza katibu wa chama kuliko ile itokayo gereji. Bei ya gunia anaijua na ushuru anaujua, lakini fundi akiandika "gia boksi kushushwa, klachi mpya," katibu hutia sahihi kwa kuwa hana la kuuliza. Mazungumzo haya yamekusudiwa kumpa la kuuliza.

Na uchukuliwe mfano wa Land Rover kuukuu ya chama, iliyopakia kahawa Kalinzi na kuteremka kuelekea Kigoma. Ikifika Mwandiga dereva anakanyaga klachi. Kanyagio linazama hadi sakafuni, na gia zinalia. Wingu la mvua limetanda, na mali ya wanachama iko juu ya gari. Wengi watasema papo hapo kwamba klachi imekwisha. Yawezekana, lakini mara nyingi kilichokwisha ni mpira mdogo unaoenea katika kiganja cha mtoto.

Land Rover za kwanza, za mwaka 1948, ziliendesha klachi kwa vyuma. Tangu toleo la pili, lililotoka mwaka 1958, kazi hiyo hufanywa na mafuta ya breki. Kanyagio huyasukuma mafuta katika silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta. Mafuta hupita ndani ya paipu hadi silinda ya chini, kando ya nyumba ya klachi. Nayo husukuma kijiti cha chuma kinachoiachanisha injini na gia boksi. Mafuta yakivuja, upepo ukiingia, au mpira wa ndani ukilika, nguvu ya mguu hupotea njiani, hali klachi yenyewe ni nzima.

Swali la kwanza ni hili: je, injini ikizimwa, gia zinaingia? Zikiingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa, na zikakataa injini inaponguruma, basi gia boksi haina hatia. Klachi ndiyo haiachii. Zikikataa hata injini ikiwa kimya, hapo fundi ana haki ya kuitazama gia boksi.

Pili, kanyagio likanyagwe haraka mara nne au tano. Gia ikikubali baada ya hapo, kuna upepo ndani au mafuta yamepungua. Kanyagio likishikiliwa chini kwa mguu, kisha gia ikaanza kulia polepole bila tone kuonekana nje, mafuta yanarudi nyuma ya mpira ndani ya masta. Ugonjwa huu huwapoteza wengi, kwa sababu chombo cha mafuta hukutwa kimejaa. Kikiwa kimepungua, zulia lililo chini ya kanyagio lifunuliwe. Mafuta ya breki hubabua rangi, hivyo rangi iliyochunika mahali hapo ni ushahidi dhidi ya masta. Pakiwa pakavu, kifuniko cha mpira cha silinda ya chini kifunuliwe pembeni. Kikitiririsha, mvujaji amepatikana.

Jaribio la tatu ndilo linalookoa fedha nyingi kuliko yote, na halihitaji spana hata moja. Injini izimwe, gia itolewe, breki ya mkono ivutwe na mawe yawekwe kwenye magurudumu. Mtu mmoja akanyage. Mwingine achungulie kijiti cha silinda ya chini. Kijiti kikisogea kidogo tu, ubovu uko katika mafuta, mipira au upepo. Kanyagio likiwa gumu na kijiti kimetulia, huenda paipu ya mpira imeziba kwa ndani. Kijiti kikisogea vizuri na klachi bado haiachii, ndipo ubovu uko ndani, na kushusha gia boksi kuna maana. Hata hapo, gari lililosimama muda mrefu katika miezi ya mvua huweza kuwa na sahani ya klachi iliyoshikwa na kutu tu. Fundi aulizwe kwanza kama amejaribu kuibandua.

Haya si kumdharau fundi. Fundi mwaminifu hupenda kuulizwa, kwani kazi yake huonekana.

Kosa moja laonywa kwa nguvu. Chombo kikipungua safarini, dereva asiongeze mafuta ya injini wala dizeli. Wala mawese, ingawa Ujiji hayakosekani. Mafuta ya namna hiyo huvimbisha mipira, na kilichokuwa uvujaji mdogo hugeuka kuwa matengenezo ya silinda zote mbili, pamoja na kubadili mipira na kusafisha paipu. Hata mafuta ya breki yenyewe hunywa unyevu wa hewa, na kando ya ziwa unyevu ni mwingi. Kopo lililoachwa wazi stoo lisitumiwe, maana maji yake huitia silinda kutu na kutu huukata mpira mpya.

Vipuri vinapoagizwa Dar es Salaam, safari ya reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa hiyo seti ya mipira ya masta na ya silinda ya chini iwekwe stoo mapema, pamoja na kopo la mafuta ya breki ambalo halijafunguliwa.

Katika daftari la gari katibu aandike tarehe, majibu ya majaribio yale matatu, na jina la aliyechungulia kijiti. Kipuri kilichotolewa kirudishwe ofisini kabla ya hati kutiwa sahihi.