Marakuja yenye maua bila tunda

Leo nasimama upande wa mmea unaosingiziwa. Mtu ameomba kipande cha marakuja kwa jirani, amekipanda ndani ya lupango, kimeshika, kimepanda ukuta, kimechanua maua ya kupendeza kweli. Tunda, hakuna. Wapita njia wanatoa hukumu: hiyo ni dume, ikate.

Siyo dume. Dume na jike viko kwa mipapai. Ua la marakuja lina vyote viwili: vijiti vitano vyenye unga wa manjano, na juu yake vitatu vya kuupokea. Shida iko kwenye ile zawadi ya jirani.

Sisi wa Kalemie tuko chini, ziwa letu liko kama mita 770 tu juu ya bahari, na marakuja inayopatana na joto hili ni ile ya manjano. Ya zambarau ni ya milimani, kuanzia mita 1,200 hivi, kama huko Kivu. Hiyo ya zambarau inajitosheleza kwa unga wake. Ya manjano inaukataa unga wake yenyewe. Inataka unga wa mti mwingine, na kipande ulichokata si mti mwingine: hata ukikipeleka Moba, kinabaki kuwa mama yake. Mtaa ukigawana vipande vya mama mmoja, mna mti mmoja tu uliotawanyika katika lupango kumi.

Basi omba vipande kwa watu wawili wasiojuana. Kimoja komini ya Lac, kingine komini ya Lukuga. Au panda mti mmoja kwa kipande, na mwingine kwa mbegu.

Kukata si kazi kubwa kwa anayejua mihogo. Chagua sehemu iliyokomaa kiasi, si ncha laini wala shina kavu. Hesabu vifundo vitatu, kata chini kidogo ya kile cha mwisho. Ondoa majani ya chini, lile la juu lipunguze nusu ili lisinyonye maji yote. Tia kwenye saketi iliyotobolewa, mchanga na udongo mweusi, kivulini. Mizizi inataka mwezi mmoja hivi, na ninyi mnaovuta kipande kila asubuhi kuona kama kimeshika, tafadhali! Wala usikipande baadaye mahali maji yanaposimama. Mizizi ya marakuja inaoza haraka, na wenye nyumba kando ya ziwa wanajua maji yalivyopanda mwaka 2024.

Lakini kabla ya kukata, omba kuona tunda la mama. Wakulima wa Kenya na Uganda wamepata hasara kwa virusi vinavyofanya tunda liwe gumu na lenye umbo baya, nyama kidogo ndani. Vinabebwa na vidukari, na vinasafiri ndani ya kipande pia. Kisu kinavipeleka toka mti hadi mti, kwa hiyo kifute kwa javeli kila unapobadilisha mti. Mama mwenye majani ya madoadoa na yaliyojikunja, mshukuru mwenyewe, uondoke mikono mitupu.

Maua ya marakuja ya manjano hufunguka karibu na saa sita mchana, na usiku yanafunga moja kwa moja. Mfanyakazi wake ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Tunamfukuza kwa hasira, na mimi sioni faida ya kumfukuza. Akikosekana, fanya mwenyewe. Ngoja kama saa moja baada ya ua kufunguka, mpaka vile vitatu vya juu viiname. Chukua unga wa mti wa pili kwa kidole, upake juu yao vyote vitatu. Mvua ikipiga muda huohuo, kazi imepotea. Isipopiga, baada ya miezi miwili au mitatu tunda linaanguka lenyewe likiwa limeiva.

Na mwenye mti unaochanua leo bila kuzaa, weka panga chini. Tuma mtoto akaombe ua moja la mti wa mbali, alilete kabla ya jioni.