Mtoto Apatwaye na Degedege Anapoumwa Tumbo: Baadaye Itakuwaje?



Ni machache yamtishayo mzazi kama kumwona mtoto wake akikakamaa mikononi mwake, macho yamegeuka juu, meno yameumana, mikono na miguu ikitupwatupwa. Watu wa pwani huliita jambo hili dege au degedege, na tangu zamani wako waliodhani kwamba huletwa na ndege wa usiku apitaye juu ya nyumba. Mazungumzo haya yahusu degedege la namna moja tu, lile limpatalo mtoto mdogo anapohara na kutapika, hali hana homa.

Natuchukue mfano. Mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu ameanza kutapika Jumatatu, na Jumanne anahara maji matupu. Bado ananyonya, ulimi wake haujakauka, na akilia machozi yatoka. Jumatano asubuhi akakamaa ghafula kwa muda wa dakika mbili, kisha afumbua macho na kumtaka mama yake. Mama hajamaliza kushukuru, mara akakamaa tena, na kabla ya jua kutua amekwisha patwa mara tatu. Nyanya asema, "Mwanangu, hicho ni kifafa. Mtoto huyu hatasoma." Jirani ashauri mtoto afukizwe kwa mavi ya tembo. Mwingine akataza asipelekwe hospitali, kwa kuwa, kama wengi wasemavyo, mtoto mwenye dege akipigwa sindano hufa.

Mama ampeleka hospitali hata hivyo, na afanya vyema. Huko damu yapimwa: malaria haimo, sukari inatosha, chumvi ya damu iko sawa. Siku ya pili yapita bila degedege, na kuhara kwaanza kupungua.

Hali ya mtoto kama huyu si ngeni kwa waganga. Daktari Morooka wa Japani aliieleza mwaka 1982, na tangu hapo imeonekana katika nchi nyingi. Huwapata hasa watoto wa umri wa miezi sita hadi miaka mitatu, waliokuwa wazima kabisa kabla ya kuumwa. Mara nyingi chanzo ni virusi viitwavyo rota, ambavyo ni maarufu kwa kuharisha watoto. Degedege lenyewe huwa fupi, lakini huweza kurudi mara kadhaa katika siku moja, na kurudi huko ndiko kuwavunjako wazazi moyo.

Sasa, baadaye itakuwaje? Jibu ni jema kuliko watu wengi wadhanivyo. Watoto wa namna hii waliofuatwa na waganga kwa miaka wameonekana wakikua, wakisema, wakicheza na kujifunza sawa na wenzao. Walio wengi hawapatwi tena kamwe. Wachache hupatwa tena wanapoumwa tumbo mara nyingine, na huko nako hupita. Wale ambao baadaye hushikwa na kifafa ni wachache sana. Kwa sababu hiyo mtoto huyu hahitaji kunywa dawa za kifafa kila siku, maana dawa hizo zina taabu zake, na hakuna ugonjwa wa kuzuia.

Lenye kumdhuru mara nyingi ni lile jina alilopewa na nyanya yake. Ugonjwa ulikwisha kwa siku mbili, lakini jina la kifafa humfuata mtoto hata mlango wa shule, na baadaye humfuata akitaka kuolewa. (Na hata mwenye kifafa cha kweli hastahili kufungiwa shule, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Hata hivyo, habari hii njema ni ya mtoto aliyekwisha pimwa. Nyumbani hakuna awezaye kutofautisha degedege hili na lile la malaria, au la homa ya uti wa mgongo, au la sukari iliyopungua katika damu, na hayo huua upesi au huacha kilema. Kwa hiyo kila mtoto aliyepatwa na degedege hana budi kupelekwa hospitali siku ile ile. Likipita dakika tano bila kukoma, au mtoto asipozinduka baada yake, asingojewe hata kidogo. Wakati wa degedege alazwe kwa ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumwumiza, wala asitiwe kijiko wala kidole mdomoni.

Tena kuna kosa moja ambalo huzaa degedege lisilokuwapo. Pakiti ya dawa ya maji ya chumvi na sukari huandikwa kipimo chake, na mara nyingi ni lita moja nzima ya maji safi. Wako wanaoimimina yote katika kikombe kimoja wakidhani itakuwa na nguvu zaidi. Chumvi ikizidi hivyo katika damu, ubongo hudhurika, na hali hiyo ni ya hatari.

Katika Kenya chanjo ya virusi vya rota ilianza kutolewa mwaka 2014, kwa matone ya mdomoni, mtoto akiwa wa majuma machache tu. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka huo huo ulionyesha kwamba watoto waliokwisha kuchanjwa kikamilifu walilazwa au kupelekwa hospitali kwa ajili ya degedege pungufu kwa kadiri ya sehemu moja katika tano, katika mwaka uliofuata chanjo.

Mama wa mfano wetu, kabla ya kurudi nyumbani, amwombe mganga aandike katika kitabu cha kliniki tarehe, idadi ya degedege, dakika zake, na matokeo ya damu. Mtoto akiumwa tumbo tena mwakani, mganga mwingine atasoma hayo kwanza, na nyanya naye asomewe.