Chagua Mbegu ya Nanasi Kabla ya Kushika Jembe

Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima



Leo nitasema nanyi juu ya zao la nanasi, na hasa juu ya jambo moja, nalo ni mbegu yake. Wengi wenu mwajua kulima na kupalilia, wala sikuja kuwafundisha kushika jembe. Lakini shamba la nanasi likiharibika, mara nyingi huwa limeharibika siku ile ile ya kupanda, ingawa mwenyewe huja kuijua habari hiyo baada ya mwaka mzima. Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini asiyechagua mbegu naye atalima bure.

Kwanza tuujue mmea wenyewe. Wako watu wadhanio kwamba mnanasi ni ndugu wa mkonge kwa sababu ya majani yake. Sivyo. Mnanasi ni wa jamii ya mimea iitwayo bromelia, ambayo karibu yote asili yake ni Amerika. Christopher Columbus na mabaharia wake walilikuta nanasi katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493. Ndugu zake wengine hupandwa vyunguni na watu wa mijini, wakawekwa barazani kwa uzuri wa maua. Wengi wa hao, huko kwao, huishi juu ya matawi ya miti na kunywa mvua inayokusanyika kati ya majani.

Mnanasi huishi ardhini, lakini tabia ya jamaa zake unayo. Jani lake ni kama mfereji, hupeleka maji ya mvua na umande hadi shinani. Matundu madogo ya majani hufungwa wakati wa jua kali na kufunguliwa usiku, ndiyo maana huvumilia kiangazi. Lakini mizizi yake ni mifupi, na maji yakituama huoza. Kwa hiyo uchague udongo wa kichanga usiotuamisha maji.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa. Nanasi hatulipandi kwa punje kama mahindi. Twapanda kipande cha mama. Mama akiwa mzima na mwenye tunda zuri, mtoto atafanana naye. Mama akiwa mgonjwa, mtoto atazaliwa na ugonjwa, hata akionekana mnono siku ya kupandwa.

Mbegu hizo ni za namna tatu. Ya kwanza ni chipukizi litokalo kwenye shina. Hilo hukomaa upesi. Mahali pa joto huzaa kwa miezi 15 hadi 18 hivi. Ya pili ni chipukizi dogo liotalo kwenye kikonyo, chini ya tunda. Hilo huchelewa kidogo. Ya tatu ni taji, yaani majani yaliyo juu ya tunda. Taji huota vizuri, lakini huchukua karibu miaka miwili kuzaa.

Ugonjwa wa kuogopwa ni mnyauko. Huletwa na wadudu wadogo weupe kama waliopakwa unga, waitwao vidung'ata, ambao hunyonya utomvu na kueneza virusi. Wadudu hawa hujificha chini ya majani ya shinani na kwenye mizizi. Sisimizi huwapenda kwa sababu hutoa maji matamu. Huwalinda na kuwahamisha kutoka mmea hadi mmea. Ukiona sisimizi wengi wakipanda na kushuka shinani, funua majani ya chini utazame. Mmea mgonjwa majani yake hugeuka wekundu au njano, ncha zake hukauka na kujikunja kuelekea chini. Ukiuvuta, hutoka kwa urahisi kwa maana mizizi imekufa.

Hapa ndipo wakulima wengi wanaponaswa. Kwa mistari miwili miwili niliyoizoea, ekari moja yataka mbegu 18,000 hivi. Ni nyingi, na fedha ni chache. Basi jirani akisema, "Njoo uchukue bure, mimi navunja shamba langu," mtu hukimbia na gari la kukokotwa. Hajiulizi kwa nini jirani anavunja shamba. Akipanda, hupalilia miezi kumi na zaidi, hulipa vibarua, halafu mimea huanza kunyauka akiwa amekwisha kuhesabu karo ya watoto. Bure ile imemgharimu ardhi, jasho na miaka miwili.

Shauri langu ni hili. Kama fedha haitoshi ekari, panda robo ekari kwa mbegu 4,500 zilizo safi. Baada ya mavuno shina hutoa machipukizi, nawe utapanua shamba kwa mbegu yako mwenyewe unayoijua. Robo ekari nzima ni bora kuliko ekari inyaukayo.

Ukienda kununua, fuata mambo haya:

1. Ingia shambani mwenyewe wakati matunda yangaliko. Usinunue lundo lililowekwa barabarani usilojua limetoka wapi.

2. Chukua kwenye mimea yenye tunda kubwa, lililonyoka, lenye taji moja. Mmea wenye mataji mengi au tunda lililopinda uuache.

3. Ukiona mnyauko katika sehemu moja ya shamba, usichukue mbegu katika sehemu hiyo wala jirani yake.

4. Chagua machipukizi ya shina yenye urefu wa sentimeta 30 hadi 45.

Ukifika nyumbani, bandua majani machache ya chini hata uone vijizizi. Hapo vidung'ata wataonekana kama wapo. Kisha yapange juani, kitako juu, siku chache ili kidonda kikauke. Chipukizi bichi huoza upesi. Kama yafaa kuchovya katika dawa, muulize kwanza afisa ugani wa kata yako dawa iliyosajiliwa na kipimo chake.

Tenga mbegu kwa namna na kwa ukubwa. Kubwa zipande pamoja, ndogo pamoja, na mataji mahali pake. Ukichanganya, wengine watazaa mwaka huu na wengine mwakani. Hutajua siku ya kutia mbolea wala hutapata mzigo wa kutosha kumwita mnunuzi.

Panda mvua zinapoanza, kwa mistari miwili miwili. Kati ya mmea na mmea sentimeta 30, yaani futi moja. Kati ya mistari miwili sentimeta 60. Na njia ya kupita sentimeta 90. Fukia kitako sentimeta 8 hadi 10, ushindilie, na udongo usiingie katika moyo wa mmea, maana moyo utaoza. Kwenye mteremko, panda kukingama mteremko. Tandaza nyasi kavu.

Baada ya hapo pita shambani kila juma. Mmea wa kwanza unaonyauka ung'oe pamoja na mizizi, uutoe nje, uuchome. Usiuonee huruma, mmoja ukiachwa, sisimizi watausambaza. Baada ya mavuno ya kwanza acha chipukizi moja imara kwa kila shina kwa mavuno ya pili, na yaliyobaki ndiyo mbegu yako.

Wakulima wa Kiwangwa, Bagamoyo, wamejulikana kwa mananasi, na soko halilali. Nafasi ipo hata kwa mwenye shamba dogo. Basi kabla hujalipa au kubeba chipukizi lolote, lifunue majani ya chini ulitazame. Kazi hiyo ni ya dakika moja. Mavuno yake utayaona miezi kumi na minane baadaye.